Sekunde Mfu

Januari, katika bonde la Joux,
theluji imepanda madirishani hadi kiunoni,
na Solange Meylan huja kazini na jozi mbili za viatu:
vya njiani, na vya ndani visivyojua vumbi.

Miaka thelathini na moja meza ni ile ile,
imeinuliwa usawa wa kifua ili mkono usitetereke.
Lenzi imemganda usoni
hata mumewe husema: jicho la kulia ni la kiwanda,
la kushoto ndilo nililooa.

Kazi yake ni unywele.
Si wa kichwani. Ni kamani nyembamba iliyojiviringa,
hujikunja, hujikunjua,
na gurudumu la mizani huenda nayo, hurudi nayo,
na kila liendapo, kila lirudipo,
nanga hugonga kwa yakuti zake mbili.

Mara nane kwa sekunde.
Mimi, mgeni wa siku tatu niliyesimama nyuma yake,
nilihesabu vidoleni nikacheka peke yangu:
mizani nane! Kipande kizima cha mshororo!
Sekunde ya kwanza ukwapi, ya pili utao,
na saa inaghani humo ndani, kifuniko kimefungwa:
*nahesabu sikosei, napoteza sijifichi.*

Basi ile akrabu tunayosema inateleza, haitelezi.
Inapiga vihatua vinane,
na jicho, kwa uvivu wake,
huviunga na kuviita mtiririko.

Kisha majaribio. Siku kumi na tano
saa hulazwa chali, hulazwa kifudifudi,
husimamishwa kwa ubavu, taji juu, taji chini,
katika baridi ya nyuzi nane,
katika joto la nyuzi thelathini na nane,
maana dunia huvuta kila kitu,
hata sekunde.

Jumanne akaja Bwana Aebischer kutoka Bern.
Aliweka saa mezani
kama arudishaye yai viza dukani.
"Nimelipa bei ya nyumba," alisema,
"na akrabu inaruka. Tak. Tak. Tak.
Kama saa ya betri ya mjukuu wangu."

Solange hakusema neno. Alifungua mgongo wa saa,
akavua lenzi, akampa.
"Tazama pale, penye nyota ya chuma.
Mapigo yote nane yapo. Saba husubiri mlangoni,
kuna kidole kimewazuia.
La nane likifika, kidole huachia,
wakapita wote kwa mpigo mmoja."

Wenyewe huiita sekunde mfu,
jina baya kwa kitu kilichokula miezi minne ya macho yake.
Walioitaka zamani walikuwa watu wa kuhesabu:
mtazama nyota, tabibu na kidole chake mshipani,
wasiokuwa na haja ya robo wala nusu.

"Na inapoteza kiasi gani?"
"Sekunde mbili kwa siku."
"Ya mjukuu wangu haipotezi hata moja."
"Ndiyo," akasema Solange.

Akanyamaza. Bomba la joto likagonga ukutani,
bila mpango.

Mzee hakuinua kichwa. Pumzi yake
ilitia ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa kidole gumba,
akatazama tena, muda mrefu
kuliko anaotumia mtu kuangalia saa.
Aliivaa. Hakushukuru.
Ila mlangoni, kofia imeshavaliwa,
nilimwona amesimama, mkono sikioni.

Jioni nilikaribishwa supu.
Saa ya jikoni kwa Solange, ya plastiki, rangi ya haradali,
iko mbele dakika tano.
Aliisogeza mwenyewe mwaka ule binti yao alipoanza shule,
ili wasikose treni.
Binti yuko Lyon sasa, ana watoto.
Solange anajua iko mbele. Mumewe anajua.
Hakuna anayedanganywa,
na kila asubuhi, wanasema,
bado wanakimbia.